Mbao za Mnara

Mlango wa nyumba yetu, Kamalondo, ulikuwa mnara.
Sisemi kwa mafumbo. Pitisha kidole hapa,
chini ya bawaba, rangi ya kijani inapobanduka:
utaona dhahabu. Dhahabu ya kopo, ya brashi,
lakini iliwahi kusimama juu ya vichwa vya watu
na jua la mwezi wa tano likaiamini.

Babu yangu Mukalayi alibeba maji ya jasi.
Ndoo mbili, mti begani, ngazi za fito,
tangu king'ora cha alfajiri
hadi moshi wa dohani kuu ulipogeuka zambarau
na kuinamia upande wa kambi, kama kawaida yake.

Kwanza walisawazisha vichuguu.
Vilikuwa saba uwanjani pale, virefu kuliko nyumba za wafanyakazi,
na kimoja kilikuwa na kaburi ubavuni.
Siku tisa za sururu. Mchwa wakamwagika juani
kama posho gunia likipasuka.
Bwana mmoja mwenye kofia akakunjua karatasi,
akasema hapa patakuwa na jiji.

Likawa. Jiji la wiki kumi.
Banda la shaba, banda la pamba, banda la reli,
langoni ndovu wawili: mbele ndovu,
nyuma misumari na magunia.
Na katikati, mweupe, mabega mapana,
mnara.
Usiku ukawashwa taa, na watoto wa kambi
wakapanda juu ya mabehewa kuutazama,
wakabishana kama mwezi umeona haya.

Babu hakubishana. Alikuwa amefika tumboni mwake.
"Niliingia ndani ya ukuu," aliniambia,
"mna waya, mna katani, mna giza.
Na panya."

Siku ya wenyeji ilikuwa Jumanne.
Akapiga pasi kaptula, akapanga foleni, akalipa,
akaingia kutazama kitu alichokipaka kwa mikono yake.
Askari akamwambia: usiguse.

Kisha huko mbali, kwenye nchi zisizo na mgodi,
bei ya shaba ikaanguka.
Haikutoa mlio. Lakini asubuhi moja
karani akasimama na orodha, akaita majina,
na kila aliyeitwa alipanda gari la moshi na godoro lake,
Kyungu, Mwelwa, yule mpiga ngoma wa kambi ya pili,
wengine bila kuaga, sufuria bado motoni.
Babu hakuitwa. Mpaka kufa hakujua kwa nini,
na swali hilo lilimkondesha kuliko njaa.

Mnara ulibomolewa kwa mchana mmoja.
Kelele ilikuwa ndogo, alisema, kama mtu anayevunja kuni.
Na kuni ndizo zilizopatikana: watu walipikia bukari
kwa moto wa banda la pamba.
Bibi Numbi alikwenda na debe la unga wa mihogo,
akarudi na mbao sita, ndefu, zenye dhahabu upande mmoja.
Akazipaka mafuta machafu ya motokari,
maana alijua nani atakuja kuzidai.

Walikuja. Wanakuja mpaka leo.
Kila mvua ya kwanza kumbikumbi huijaza taa ya barazani,
hudondosha mbawa kizingitini,
na sisi, warithi wasio na haya,
tunawakaanga kwa chumvi.

Juzi nilipita uwanja ule.
Nilitafuta jiwe, kibao, hata tarehe.
Kuna gereji. Nyuma ya gereji, kati ya matairi,
kichuguu kimeota, kimenifika kiunoni,
udongo mbichi kileleni, kazi ya usiku uleule.
Fundi mmoja akaniuliza natafuta nini.
Nikamwambia napima.

Mlango wetu huvimba masika.
Ukija, usibishe hodi ukangoja:
weka bega, sukuma,
sukuma tena.